Kurejea kwa Kalaazari: Kipimo cha Haraka Hakitoshi

Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo ulivyo mwili uliowahi kuugua kalaazari. Hata baada ya mgonjwa kupona, kingamwili hubaki damuni kwa miezi, pengine miaka, kana kwamba adui angali mlangoni.

Hapo ndipo penye tatizo. Kalaazari husababishwa na kimelea kinachoenezwa na usubi, na huwasumbua hasa wakazi wa maeneo kame kama vile Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na Wajir. Asiyetibiwa aghalabu hufa. Kipimo cha haraka cha rK39 hutafuta kingamwili, wala si kimelea chenyewe. Kwa anayeugua mara ya kwanza kinafaa. Kwa aliyekwisha kutibiwa, kisha homa ikamrudia na wengu ukavimba upya, jibu lake halitegemewi: huenda linasimulia vita vya jana.

Mgonjwa kama huyo hulazimika kudungwa sindano ya wengu au ya uboho ili kinachotolewa kichunguzwe kwa hadubini. Kudungwa wengu kwaweza kuleta uvujaji wa damu tumboni, hivyo huhitaji mtaalamu stadi. Uboho una usalama zaidi, lakini vimelea huweza kukosa kuonekana humo ilhali vimo mwilini.

Kipimo cha kimolekuli hutafuta vinasaba vya kimelea, na huweza kutumia damu ya mshipani. Kwa bahati mbaya, kwa kiasi kikubwa kimebaki katika maabara za utafiti, mbali na wanaokihitaji. Wapo watakaosema kuwa ni ghali. Hoja hiyo ina uzito, lakini kifua kikuu tayari hupimwa kwa vinasaba katika hospitali za kaunti. Isitoshe, mbinu ya LAMP haihitaji mashine ya kupandisha na kushusha joto. Hutosheka na nyuzi 65 hivi.

Ni kweli pia kwamba vinasaba huweza kuonekana kwa mtu asiyeugua. Kwa hiyo jibu lisomwe pamoja na dalili, si peke yake.

Serikali za kaunti husika hazina budi kukifikisha kipimo hiki katika hospitali zinazotibu kalaazari. Nao wahudumu wayaeleze majibu kwa lugha inayoeleweka, kwani kuwa na kingamwili si sawa na kuwa na ugonjwa. Asiyetofautishiwa mambo hayo mawili aweza kutibiwa bure, au kurudishwa nyumbani akafe.