Kitunguu Thomu Kiingie Goweko kwa Hesabu

Wakulima wadogo wanahimizwa katika pembe nyingi za nchi yetu walime kitunguu saumu, ambacho sisi wa visiwani twakiita kitunguu thomu, kwa kuwa kinalipa. Wazo hili tunaliunga mkono. Lakini tunasema wazi kwamba maandalizi hayana budi kuitangulia ahadi, hasa katika sehemu kama Goweko, ambako zao hili si la kawaida.

Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati katika Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, ambako reli ilifika mwaka 1912. Kabla ya hapo, misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita katika nchi hiyo ikielekea Unyanyembe. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka nayo hadi pwani, na baadhi yao walivuka bahari wakachuma karafuu Unguja. Henry Morton Stanley, aliyefika Unyanyembe mwaka 1871, ameandika kwamba vitunguu na thomu vilipatikana kwa Waarabu wakubwa wa huko. Thomu, basi, si mgeni Unyamwezini. Ila wakati ule ilikuwa kitoweleo cha matajiri, na leo tunataka iwe riziki ya mkulima wa jembe la mkono.

Kwa miaka mingi zao kuu la fedha katika Mkoa wa Tabora limekuwa tumbaku. Tumbaku imeleta fedha, lakini ukaushaji wake kwa moto umeteketeza miti mingi ya miombo. Tena, mwenye zao moja hana pa kukimbilia bei inapoanguka. Sisi wa visiwani twalijua jambo hili: Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu, ilipojitosheleza kwa zao hilo katika miaka ya 1980, bei iliporomoka na kila nyumba ikaonja uchungu wake.

Hata hivyo, thomu ina masharti yake. Hupenda baridi ili kichwa kijae. Ndiyo maana imestawi katika nyanda za juu za Mbulu. Goweko si Mbulu. Huko mvua hukoma mwezi wa Aprili au Mei, baridi ya Juni na Julai ni fupi, na joto la Septemba na Oktoba ni kali. Mkulima atakayejaribu atahitaji mbegu inayovumilia hali hiyo, na maji ya kumwagilia wakati wa kiangazi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi kiko mkoani humo humo. Tunaomba kipewe kazi ya kuijaribu mbegu katika mashamba ya wanavijiji wenyewe, kabla mwanakijiji hajaambiwa akope fedha.

Jambo la pili ni hesabu. Thomu hupandwa kwa punje zake. Ikiwa kichwa kimoja kina punje kumi, basi hata pasipoharibika kitu, sehemu moja katika kumi ya mavuno lazima irudi shambani. Kwa hiyo gharama ya mbegu ni kubwa tangu siku ya kwanza. Ikinunuliwa mbegu yenye ugonjwa wa kuoza, udongo huchafuka kwa miaka mingi. Mkulima aanze na matuta machache, ajitengee mbegu yake, ndipo apanue. Mwenda pole hajikwai.

Jambo la tatu ni soko. China huzalisha karibu robo tatu ya thomu yote ya dunia, na mkulima wa Goweko hataweza kushindana nayo akiwa peke yake. Silaha aliyonayo ni kwamba thomu iliyokaushwa vizuri kivulini, ikatunzwa mahali pakavu penye hewa, hukaa kwa miezi. Asilazimike kuiuza yote wiki ya mavuno kwa mlanguzi wa kwanza atakayefika. Hapo ndipo ghala la kijiji na chama cha ushirika vinapohitajika. Vyama hivyo vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Funzo ni kwamba mkulima asiye na chombo chake mwenyewe hupangiwa bei na wengine.

Tunawaomba viongozi, wa Bara na wa Visiwani, wakutane juu ya jambo hili. Pilau na mchuzi wa visiwani havipikwi bila thomu, soko lipo. Wafanyabiashara wetu waonyeshwe njia ya kununua moja kwa moja kwa vyama vya wakulima. Bwana shamba afike shambani, na mizani iwe ya haki. Yakitimizwa hayo, mkulima wa Goweko atapanda akijua anachokitarajia. Yasipotimizwa, ni heri asiambiwe kabisa kwamba thomu inalipa.