Namba ya njaa: nani anaihesabu hapa kwetu, na sasa nani atabaki kuihesabu?

Mwezi wa tatu mwaka 2025, namba moja ilipita kwenye maredio karibu yote ya nchi: watu milioni 27,7 hapa Kongo hawana chakula cha kutosha, na kati yao milioni 3,9 wako kwenye hali ya dharura. Tuliisikia, tukatikisa kichwa, tukarudi kwenye kazi zetu. Lakini kila namba kama hiyo inapotoka, kuko ulizo linaloifuata: nani alihesabu? Kwetu hakuna mtu aliyepita.

Ni ulizo la haki. Kulijibu kunatupeleka kwenye kazi ambayo watu wengi hawaioni, ile ya mchambuzi wa habari kwenye misaada ya kiutu. Huyu hagawi unga wala mafuta. Anakaa ofisini Goma, Bunia, Kalemie ao Kinshasa, mbele ya kompyuta, na kazi yake ni kupokea habari, kuzichuja, na kuzipeleka kwa wenye kutoa pesa. Mfadhili ambaye hajawahi kukanyaga Masisi wala Djugu anaamua kwa kusoma ukurasa alioandika yeye.

Namba inatoka wapi

Habari zinamfikia kwa njia nyingi. Muuguzi wa kituo cha afya anatuma ujumbe kwamba watoto wa bwaki wameongezeka. Shirika la raia linasema kijiji kimehama usiku. Mtu wa soko anatoa bei ya gigozi ya unga wa mihogo. Mchambuzi hachukui yote kama yalivyo. Anauliza: nani aliona kwa macho yake? Siku gani? Kuko mwingine anayesema vile vile bila kusikia kwa yule wa kwanza?

Halafu kuko anketi yenyewe. Hakuna anayepita nyumba kwa nyumba nchi nzima. Wanachagua vijiji kwa bahati, ndani ya kila kijiji wanachagua kaya chache, na wanauliza mambo ya siku saba zilizopita. Mlikula nini? Mlikopa chakula? Mlipunguza sahani? Wakubwa walikaa njaa ili watoto wale? Watoto wanapimwa mkono kwa utepe. Kisha wataalamu wa serikali, wa Umoja wa Mataifa na wa mashirika wanakaa pamoja, wanaweka kila eneo kwenye ngazi, kutoka 1 mpaka 5. Ngazi ya 3 ni shida kali, ya 4 ni dharura, ya 5 ni njaa ya kuua watu wengi. Kipimo hicho kilianzia Somalia mwaka 2004. Wale milioni 27,7 ni wale walio kwenye ngazi ya 3 na kupanda.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ndani ya namba bila kuulizwa hata siku moja. Hilo peke yake si uongo. Mama anayepika anaonja mchuzi kwa kijiko kimoja, hanywi sufuria nzima. Lakini anapaswa kuwa amekoroga kwanza.

Mahali inapokosea

Na hapo ndipo shida. Barabara ikifungwa na vita, anketi inafanyika kule gari linafika, na vijiji vya mbali vinakaa nje. Familia ikikimbia Sake, bibi anaandikwa kwenye kambi moja, bwana kwenye nyingine. Watu wale wale wanahesabiwa mara mbili. Upande mwingine, hapa kwetu wahami wengi hawakai kambini. Wanakaa kwa ndugu, ao kwa jamaa waliowapokea, na rahisi kabisa jina lao lisionekane popote. Tuseme pia bila kufichana: kuko wanaoongeza majina kwenye lisiti kwa sababu jetoni ni chakula, na kuko wenye mamlaka wanaopenda namba iwe ndogo ili eneo lao lionekane lina amani.

Chini ya yote kuko shimo kubwa zaidi. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wote wa Kongo ilifanyika mwaka 1984. Mtu aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa babu. Kila asilimia inayotolewa juu ya njaa, chanjo ao vifo inasimama juu ya makadirio ya zamani. Hapo wa kuulizwa ni serikali yetu wenyewe, mbele ya mgeni yeyote.

Tuna mfano unaofundisha. Mwaka 2008 shirika la International Rescue Committee lilitangaza kwamba kati ya mwaka 1998 na 2007 watu milioni 5,4 zaidi ya kawaida walikufa Kongo, wengi wao kwa malaria, kuhara, magonjwa ya mapafu na kukosa chakula, si kwa risasi. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha Simon Fraser kule Kanada walipinga hesabu hiyo. Walisema kipimo cha "kawaida" kiliwekwa chini mno, maana Wakongomani walikuwa wanakufa wengi hata kabla ya vita. Ubishi haukuwa kama watu walikufa. Ulikuwa wangapi, na unalinganisha na nini. Namba nzuri inakubali kuulizwa hivyo, kwa sababu inaonyesha ilipatikana namna gani.

Mapigo mawili kwa majuma yale yale

Mwaka 2024 Marekani ilitoa karibu 70 kwa mia ya pesa za misaada ya kiutu hapa nchini. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje. Siku chache baadaye kazi zililazimishwa kusimama. Hata FEWS NET, mtandao wa kutahadharisha juu ya njaa ulioanzishwa mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, ulizimika kwa miezi. Tarehe 1 mwezi wa saba, USAID ilifungwa na kazi zilizobaki zikaingizwa ndani ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani.

Ndani ya majuma yale yale M23 iliingia Goma, kisha Bukavu. Kambi za Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na zingine zilimwagika ndani ya siku chache. Mamia ya maelfu ya watu wakachukua njia. Lisiti zilizotengenezwa kwa miaka zikabaki majina yasiyo na mahali. Kwa hiyo wakati watu walihama kuliko siku zingine, wale wa kuwafuata kwa hesabu walikuwa wanapokea barua za kusimamishwa kazi.

Hatari ni rahisi kuielewa. Eneo lisilo na anketi linabaki jeupe kwenye ramani, na mtu wa mbali anaweza kudhani kule kuko sawa.

Sisi tufanye nini

Kwanza, mtu wa anketi akija, tumuulize: nani amekutuma, majibu yetu yanaenda wapi, na utarudi lini kutuambia ulichokuta? Jina, kijiji na namba ya simu kwenye eneo linalobadilisha wakubwa ni kitu cha hatari. Mchambuzi anayejua kazi yake anatuma jumla ya watu, hatumi majina. Tuna haki ya kudai hivyo.

Pili, vituo vya afya, makanisa, misikiti na mashirika ya raia vinaweza kushika daftari: tarehe, mahali, kaya ngapi, nani aliona. Kaya kumi zilizoonekana zina nguvu kuliko elfu zilizosikiwa. Daftari la namna hiyo haliwezi kuchukua nafasi ya anketi kubwa, lakini siku pesa zitarudi, ao siku serikali itataka kujua, litakuwa mahali pa kuanzia.

Tatu, viongozi waulizwe juu ya hesabu ya wakaaji. Imeahidiwa mara nyingi. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado tunaambiwa na wengine sisi ni wangapi.