Ni Mzuri, Lakini Anakula Nini?

Mwezi huu tuongelee kiumbe ambaye watu humnunua kwa sura, halafu wanamuua kwa usafi. Ni mnyoo wa baharini mwenye shungi kama feni ya manyoya. Wataalamu wanamwita Sabellastarte, na kwao ni kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki.

Usishtuke kusikia mnyoo. Mwili wake umejificha ndani ya mrija aliojijengea kwa ute na mchanga. Unachokiona ni shungi tu, nalo si pambo, ndilo kijiko chake. Linachuja chembe zilizomo majini: ndogo anakula, za wastani anajengea mrija, kubwa anatupa. Kivuli chako kikipita tu, kashazama ndani!

Sasa kasheshe iko hapa. Wengi tukiweka tangi sebuleni tunataka maji yang'ae, chujio lifanye kazi usiku na mchana. Wewe unaona pamependeza, yeye anaona sahani tupu. Samaki mwenye njaa atakufuata mpaka kwenye kioo. Mnyoo hadai kitu. Anakonda kimyakimya, shungi linazidi kuwa dogo, na siku moja unakuta mrija mtupu.

Kwa hiyo, kabla hamjamleta nyumbani:

Tangi liwe limeshakaa miezi kadhaa na maji yametulia: chumvi gramu 35 hivi kwa lita, joto nyuzi 24 hadi 26.

Mlisheni mwani wa majimaji, ule wa chembe ndogo kabisa, kidogo kidogo mara kadhaa kwa wiki. Zimeni chujio kwa dakika 20 hadi 30, ila pampu ya kuzungusha maji iendelee. Msizidishe, maji yatachafuka.

Asikae na samaki wanaodonoa, na dawa yenye shaba isiguse tangi hilo.

Akidondosha shungi, msimtupe. Huenda maji yamebadilika au amepata mshtuko. Pimeni maji, endeleeni kumlisha. Akiwa mzima, litaota upya baada ya wiki kadhaa.

Na nyie wawili je? Kuna watu wako hivyohivyo: wamependeza, wametulia, hawalalamiki, na wana njaa ya kusikilizwa. Usisubiri mwenzio adai. Muulize leo.

Tukutane mwezi ujao!