Wakitengeneza upya michezo ya zamani, watuachie na ile ya kwanza

Kuna ugomvi mmoja ambao wazazi wengi wa Bukavu wangeuita wa kitoto. Ni ule wa mashabiki wa michezo ya video kila kampuni inapochukua mchezo wa miaka ya 1990, ikaufuta vumbi, ikaupaka rangi mpya na kuuza tena. Baadhi hushangilia. Wengine hukasirika kana kwamba mtu ameingia nyumbani kwao na kubadilisha samani bila kubisha hodi. Mimi nasema ugomvi huo si wa kitoto hata kidogo, na sisi wa Nyalukemba tunapaswa kuufuatilia, kwa sababu unatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na mfano wa karibuni. Septemba 2024, kampuni ya Revolution Software ya mjini York, Uingereza, ilitoa upya mchezo wake wa 1996 uitwao Broken Sword. Sisi wa nchi zinazosema Kifaransa tunaujua zaidi kwa jina la Les Chevaliers de Baphomet. Ni mchezo wa kuelekeza kishale na kubofya: hakuna kukimbizana wala kufyatua risasi ovyo. Mmarekani mmoja mtalii, George Stobbart, ameketi katika mkahawa jijini Paris, bomu linalipuka, na kuanzia hapo mchezaji anauliza watu maswali, anaokota vitu, anafumbua mafumbo na kusafiri hadi Ireland, Syria, Hispania na Uskoti. Silaha yake ni akili na maneno. Waliocheza kwa Kifaransa wanaikumbuka sauti ya George, iliyotolewa na Emmanuel Curtil, yule yule anayemsemea Jim Carrey katika filamu.

Picha za mchezo ule zilichorwa kwa mkono, na baadhi ya wachoraji walitoka studio ya katuni ya Don Bluth iliyokuwa Dublin. Kwa skrini za leo picha zile zimekuwa ndogo na zenye ukungu. Ndiyo maana kampuni ikazichora upya. Kwa picha za wahusika ilitumia pia akili mnemba, na ikasema wazi kwamba nyuso na mikono vilirekebishwa na wachoraji wenyewe, maana mashine haikuviweza.

Mashabiki waligawanyika kama kawaida. Wapo waliosema: hatimaye naweza kuucheza na mwanangu bila kumwomba radhi kwa picha mbovu. Wapo waliosema: akili mnemba isiguse kazi ya mikono ya watu. Lakini safari hii kelele zilikuwa ndogo kuliko zile za 2009, kampuni hiyo hiyo ilipotoa toleo lingine la mchezo huo. Wakati ule iliongeza sura mpya mwanzoni, ikaondoa sehemu ambazo George angeweza kufa, ikakata baadhi ya mazungumzo. Wengi waliona mchezo wao umepunguzwa makali.

Tofauti ya 2024 iko wapi? Kampuni ilirudi kwenye hadithi ya 1996, ikaacha nyongeza za 2009 pembeni. Ikaweka njia mbili za kucheza: moja kwa anayetaka kusaidiwa, nyingine kwa anayetaka kuteseka kama zamani mbele ya lile fumbo la mbuzi wa Ireland lililowakwamisha watu wiki nzima. Na juu ya yote, ikaweka kitufe kimoja tu: ukikibonyeza, picha mpya inaondoka na ya zamani inarudi pale pale, mhusika akiwa amesimama mahali hapo hapo.

Kitufe hicho hakikuanza jana. Mwaka 2009 mchezo wa The Secret of Monkey Island, uliotoka 1990, ulitolewa upya ukiwa nacho. Day of the Tentacle wa 1993 ukafuata mwaka 2016. Kwangu mimi kitufe hicho ndicho jibu la ugomvi wote. Kinamwambia mchezaji: hiki ndicho tulichofanya, na hiki ndicho tulichokuta, wewe mwenyewe linganisha.

Sasa tazama kinachotokea kitufe kikikosekana. Mwaka 2022, mchezo wa Blade Runner wa 1997 ulitolewa upya na kampuni ya Nightdive. Faili za asili za utengenezaji zilikuwa zimepotea, kazi ikawa ngumu, na toleo jipya likatoka na kasoro nyingi. Kibaya zaidi, duka lililokuwa likiuza mchezo wa zamani peke yake liliuondoa, ukawa haupatikani ila kwa kununua na ule mpya. Mashabiki walipiga kelele, na ndani ya muda mfupi mchezo wa zamani ukarudishwa sokoni. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2021, Rockstar ilifanya kosa kama hilo kwa michezo mitatu ya GTA, ukiwemo San Andreas ambao sidhani kuna kijana wa Bukavu asiyeujua. Toleo jipya lilikuja na nyuso za ajabu na mvua iliyoziba macho, na matoleo ya zamani yakaondolewa dukani. Baada ya siku chache kampuni iliomba radhi na kuahidi kuyarudisha kwa watumiaji wa kompyuta.

Kwa hiyo kelele za mashabiki huzaa matunda. Sisemi kwamba kila kelele ni halali. Mwaka 2022 Ron Gilbert, muundaji wa Monkey Island, alitukanwa vibaya kwa sababu ya mtindo wa picha wa mchezo wake mpya, hadi akafunga sehemu ya maoni kwenye tovuti yake. Hilo ni aibu. Msanii ana haki ya kubadilisha kazi yake. Asichokuwa na haki nacho, wala mfanyabiashara aliyenunua kazi hiyo, ni kuizika ile ya kwanza ambayo watu walishailipia na kuipenda.

Najua kuna atakayeniuliza: mwandishi, uko Bukavu kweli? Tangu Februari 2025 mji uko mikononi mwa M23, benki zimefungwa, umeme unakuja na kuondoka, na wewe unatuletea habari za michezo ya Wazungu? Swali ni la haki, na nalijibu kwa hoja tatu.

Hoja ya kwanza ni ya mfuko. Mchezo mpya unataka kompyuta mpya, gigabaiti kadhaa za kupakua na kadi ya benki. Mchezo wa zamani hautaki hayo. Kuna programu ya bure iitwayo ScummVM, iliyoanzishwa na wapenzi wa michezo mwaka 2001, inayowezesha mamia ya michezo ya aina hii kuchezwa kwenye kompyuta iliyochakaa au hata simu ya kawaida. Mwaka 2003 Revolution yenyewe iliruhusu mchezo wake wa 1994, Beneath a Steel Sky, usambazwe bure kwa ajili ya programu hiyo. Hauzidi megabaiti 100. Kijana wa Nguba mwenye kompyuta ya mtumba anaweza kuupakua leo, kihalali, bila kumwomba mtu dola. Toleo la zamani likifutwa, anayefungiwa mlango si tajiri wa London. Ni huyu wa kwetu, ambaye mashine ya zamani ndiyo mashine pekee aliyonayo.

Hoja ya pili ni ya ardhi yetu. Mashine hizi mpya haziishi bila tantali, madini yanayotoka kwenye koltani, ambayo hutengenezewa vifaa vidogo vya kutunza chaji ya umeme ndani ya simu, kompyuta na mitambo ya michezo. Waliokuwa watu wazima mwaka 2000 wanakumbuka. Ndio mwaka PlayStation 2 ilipoingia sokoni, simu za mkononi zikawa zinasambaa, na bei ya koltani duniani ikapanda mara kadhaa ndani ya miezi. Watu waliacha mashamba, watoto waliacha madawati, wakaenda machimboni. Waasi wa RCD waliotawala mji wetu wakati huo waliipa kampuni moja, SOMIGL, ukiritimba wa kusafirisha koltani ili wapate fedha za vita. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika hayo katika ripoti yao ya Aprili 2001. Sisemi kwamba mchezo wa video ndio ulioleta vita. Vita vilikuwa na wenyewe na sababu zao. Nasema kila mara tunapoambiwa kwamba cha zamani hakifai na lazima kinunuliwe kipya, kuna mlima huku Kivu unaochimbwa kwa ajili hiyo. Mchezo unaoendelea kuchezwa kwenye mashine ya zamani haudai jiwe jingine.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mchezo uliothubutu kusema ukweli huo haukudumu. Mwaka 2011 kikundi cha Molleindustria cha Italia kilitoa mchezo mdogo wa simu, Phone Story, ulioonyesha watoto wakichimba koltani Kongo chini ya mtutu wa bunduki. Apple iliuondoa kwenye duka lake muda mfupi baada ya kutoka. Mwenye duka ndiye anayeamua kitakachobaki. Kama hatutetei haki ya mambo ya zamani kubaki, hata hadithi zinazotuhusu zitafutwa bila sisi kujua.

Hoja ya tatu ni ya lugha. Mchezo wa aina hii ni mazungumzo mwanzo hadi mwisho. Asiyeelewa lugha hachezi, anabofya tu. Les Chevaliers de Baphomet umetafsiriwa kwa lugha kadhaa za Ulaya, lakini Kiswahili hakimo, ingawa kinasemwa na mamilioni ya watu na ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo. Kutolewa upya kwa mchezo ni nafasi nzuri ya kuongeza lugha, kwa sababu maneno yote yanafunguliwa tena. Na kampuni zisipofanya, mashabiki wanaweza. Mchezo wa Grim Fandango wa 1998 ulipotolewa upya mwaka 2015, namna ya kuucheza kwa kubofya ilitokana na kazi ya shabiki mmoja aliyeitengeneza mwenyewe nyumbani, kisha kampuni ikaichukua kwa ridhaa yake. Wanafunzi wa lugha wa ISP wanaandika kazi za mwisho wa masomo kila mwaka. Mmoja wao akitafsiri mchezo mmoja wa zamani kwa Kiswahili chetu, atakuwa ameacha kitu kitakachotumika, si karatasi ya kukaa kabatini.

Mambo haya si madogo. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2023 na taasisi inayohifadhi historia ya michezo ya video ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haipatikani tena madukani. Hiyo ni nchi yenye maktaba, fedha na wanasheria. Sisi tuna nini? Fikiria kanda za muziki wa hapa, picha za harusi za miaka ya 1970, vipindi vya redio vya wakati wa vita. Wakitaka kuzisafisha, vizuri, wazisafishe. Lakini kanda ya kwanza isitupwe.

Hata mtaa wetu unatufundisha hilo. Kule Muhumba na kwenye rasi ya La Botte bado zimesimama nyumba za wakati mji ulipoitwa Costermansville, zenye kona za mviringo na veranda zinazotazama Ziwa Kivu. Nyingine zimekarabatiwa kwa akili, nyingine zimebomolewa kupisha maghorofa ya vioo. Nyumba haina kitufe cha kurudisha ya zamani. Mchezo unacho, na kukiweka ni gharama ndogo.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo. Kampuni inayotoa upya mchezo wa zamani iache wa kwanza uendelee kupatikana, kwa bei yake, bila kulazimisha mtu anunue mpya. Iweke kitufe cha kulinganisha. Iwaruhusu mashabiki watafsiri, hasa kwa lugha ambazo yenyewe haina mpango nazo. Na vijana wetu wanaolipa kwa dakika katika vyumba vya PlayStation wajue kwamba kuna michezo mizuri, ya bure na ya halali, inayoweza kukaa kwenye simu zao hata umeme wa SNEL ukikatika.

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Sisi wa Kivu tunajua dhahabu inavyoweza kumtoka mtu mkononi akiwa anatazama. Basi wanaopigania mchezo wao wa zamani usizikwe tusiwacheke. Tujiunge nao, na tudai Kiswahili kiwemo.