Elimu Ipimwe kwa Haki

Kazi ya maabara si kazi ya kubahatisha. Kundi la damu likisomwa vibaya, mgonjwa hutiwa damu isiyomfaa, naye aweza kufa. Kwa hiyo hatuna ugomvi na desturi ya Marekani ya kumtaka mtumishi wa maabara ya hospitali awe na cheti. Ugomvi wetu ni juu ya njia ya kukifikia cheti hicho, ambayo kwa mnyonge imejaa giza.

Cheti kinachojulikana sana huko hutolewa na bodi ya ASCP, chama cha wataalamu wa patholojia kilichoundwa mwaka 1922. Anayetaka cheti cha mwanasayansi wa maabara ya tiba hudaiwa digrii ya kwanza, pamoja na krediti 16 za baiolojia, elimu ya vijidudu ikiwemo, na krediti 16 za kemia, ikiwemo kemia ya kaboni au baiokemia. Juu ya hayo lazima awe amepata mafunzo ya kazi yaliyokubaliwa, au awe ametumikia maabara kwa miaka inayotakiwa.

Sasa, mtu mwenye ajira, watoto na kodi ya nyumba hawezi kushinda chuoni mchana kutwa. Kwa ajili yake zipo njia za kando: mitihani ya CLEP, iliyoanza mwaka 1967, na masomo ya intaneti yanayopimwa na Baraza la Elimu la Marekani, ambalo tangu miaka ya 1940 limepima mafunzo ya askari. Vyuo vya Excelsior, Thomas Edison na Charter Oak, vilivyoanzishwa kati ya mwaka 1971 na 1973, vililengwa hasa kwa watu wazima wa namna hii.

Njia hizi twaziunga mkono. Elimu haiulizwi imeingia kwa mlango gani. Huulizwa kama imo. Lakini twamwonya mfanyakazi ajihadhari. Mtihani wa CLEP wa kemia hupendekezewa krediti 6. Katika 16 ukitoa 6, zabaki 10, na kemia ya kaboni hajaisoma bado. Tena pendekezo la Baraza si amri: krediti haina nguvu mpaka chuo kilichothibitishwa kiiandike katika hati yake. Kadhalika, majimbo kama California na New York yana leseni zao wenyewe.

Hapa ndipo wanyonge wanapoumia. Muuza masomo hupokea fedha leo. Jibu la bodi huja baada ya miaka. Mtu hukesha, hupata digrii, kisha huambiwa amepungukiwa somo moja.

Sisi twaonelea mambo mawili. Kwanza, kila auzaye masomo aseme waziwazi, kabla ya kupokea senti moja, masomo yake yanakubaliwa wapi na wapi hayakubaliwi. Pili, mfanyakazi aiulize bodi na chuo mapema, na jibu alipate kwa maandishi. Neno la mdomo halina shahidi.

Hatuombi kipimo kipunguzwe, maana mgonjwa aliye kitandani naye ni mtu wetu. Twaomba tu kwamba yule anayekipanda kilima hiki usiku, baada ya zamu yake, aonyeshwe tangu chini kilele kiko wapi.