Usiifungie kabatini, mshikaji!

Wiki hii nina ugomvi na mshikaji wangu mmoja anayesoma kompyuta. Jamaa kaandika programu ya kuweka hesabu za upatu: nani katoa, nani anadaiwa, zamu ya nani. Mama yake anaihitaji kwelikweli, maana daftari la kikundi lao lishaleta kasheshe mara mbili. Lakini wapi! Kaificha. Eti haijakamilika, watu watamcheka.

Nikamwambia, kaa hapa nikupe stori ya Linus Torvalds. Mwaka 1991 alikuwa kijana wa miaka 21, anasoma Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Agosti 25 akawatangazia watu kwenye mtandao kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta. Akasema ni wa kujifurahisha tu, hautakuwa kitu kikubwa, akaomba maoni. Septemba akautoa hivyohivyo, mbichi kabisa. Ndiyo Linux hiyo.

Kuchekwa? Alikipata! Mwaka 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam aliyetunga mfumo wa Minix, alisema wazi kwamba muundo wa Linux umepitwa na wakati, na kwamba kijana huyo angekuwa mwanafunzi wake asingeambulia maksi za juu. Hebu fikiria, mwalimu mzima anakwambia hivyo mbele za watu! Torvalds akajibu mapigo, kisha akarudi kazini.

Kilichomwokoa ni nini? Kazi yake ilikuwa tayari mikononi mwa watu. Huyu anaona kosa, yule anarekebisha, mwingine anaongeza chake. Angeisubiri ikamilike chumbani, labda ingefia humohumo. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya kila simu ya Android, hata hiyo ya mama yake mshikaji wangu.

Sikatai, pesa za upatu si mchezo. Ndiyo maana nimempa ushauri: daftari liendelee, programu ikae pembeni yake miezi miwili. Vikipishana, wanakaa chini kutafuta kosa liko wapi. Wale mama wakaguzi wakali kuliko profesa yeyote!

Jamaa kanyamaza. Jumapili wana kikao. Akienda mikono mitupu, urafiki wetu una mushkeli.

Na wewe je, umeficha nini kabatini? Tukutane wiki ijayo.