Kabla ya kununua kombaini ya mpunga, kagua miguu yake

Kila msimu wa mavuno ya mpunga unapokaribia katika bonde la Usangu, Kilombero na skimu ya Lower Moshi, mazungumzo ya wakulima huwa ni yale yale: nani ana kombaini, anatoza kiasi gani kwa ekari, na atafika lini. Mkulima aliyezoea kutafuta vibarua wa kukata kwa mundu, kisha wa kupiga na kupepeta, amekwishaona kuwa mashine moja inazifanya kazi zote hizo kwa saa chache. Ndiyo sababu wafanyabiashara wadogo, vikundi vya wakulima na wanachama wa SACCOS wanavutiwa kununua kombaini ndogo za mikanda ya mpira, mpya au zilizotumika, ili wazikodishe.

Biashara hiyo inaweza kulipa. Hata hivyo, wengi huiingia kwa mguu mbaya. Mnunuzi huwasha injini na kuisikiliza, hutazama rangi, husoma mita ya saa, kisha huanza kubishana bei na dalali. Ni wachache wanaoinama kutazama chini ya mashine. Huko chini ndiko kuliko na sehemu inayochakaa haraka na inayogharimu fedha nyingi kuifufua: mikanda ya mpira, sproketi inayoivuta, rola zinazobeba uzito, gurudumu la kukaza mkanda, pamoja na beringi na sili zake. Kwa ufupi, ni miguu ya mashine.

Ni vema kwanza kuelewa kwa nini mashine hizi zimepewa mikanda badala ya matairi. Chukua kombaini yenye uzito wa kilo 3,000. Ikiwa kila mkanda una upana wa sentimita 45, na sehemu inayogusa ardhi ina urefu wa sentimita 165, uzito huo unagawanywa kwenye sentimita za mraba 14,850. Kila sentimita ya mraba inabeba takriban kilo 0.2 tu, kiasi kinachokaribiana na mtu mzima aliyesimama kwa miguu yake miwili. Tairi la trekta hukandamiza ardhi kwa nguvu kubwa mara kadhaa ya hiyo. Kwa hiyo, pale ambapo gurudumu lingezama kwenye jaruba, mkanda unapita.

Faida hiyo ina gharama yake. Katika mabuldoza na vijiko vya minyororo ya chuma, watengenezaji wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba hadi nusu ya gharama za matengenezo katika maisha ya mashine inaweza kumezwa na miguu. Mikanda ya mpira ni myepesi na haichimbui ardhi kama chuma, lakini nayo huisha, na ikikatika haiungwi na kurudi kama ilivyokuwa. Ndani ya mpira huo kuna nyaya za chuma zinazoushika usivutike, na vyuma vya kati ambavyo sproketi huving'ang'ania. Mpira ukipasuka hadi nyaya zikaonekana, maji ya jarubani huingia, kutu huanza, na siku za mkanda huo zinakuwa zimehesabika.

Mkulima anayemiliki pikipiki analielewa jambo hili vizuri. Mnyororo na sproketi hubadilishwa kwa pamoja, kwa kuwa ukifunga mnyororo mpya kwenye sproketi iliyochongoka, mnyororo huo hautadumu. Kombaini iko hivyo hivyo. Muuzaji anayejisifu kwamba amefunga mikanda mipya aulizwe mara moja: na sproketi je? Meno yaliyolika na kupinda kama ndoana yatautafuna mkanda mpya kabla ya mnunuzi kurudisha hata marejesho ya kwanza ya mkopo.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji karakana. Mashine isimamishwe mahali pagumu na tambarare, ioshwe tope lote, na mnunuzi aje na rula, tochi na chuma cha kupenyezea. Apime kimo cha meno ya mkanda yaliyobaki, katika sehemu tatu au nne, na akilinganishe na kimo cha mkanda mpya kinachotajwa na mtengenezaji. Atazame kingo za ndani na nje kama zimechanika. Aitingishe kila rola kwa kile chuma. Inayocheza ina beringi iliyokufa, na yenye bapa upande mmoja ilikuwa imekwama ikiburuzwa bila kuzunguka. Atafute oili inayovuja kwenye gia za kuzungushia sproketi. Katika kombaini za mpunga, mabua hupenda kujizungusha kwenye shafti hadi yanakata sili, na gia iliyotembea bila oili ya kutosha ni ghali kuliko mkanda.

Baada ya hapo mashine iendeshwe kwenye mstari ulionyooka, mita 50 mbele na 50 nyuma. Ikivuta upande mmoja, au ikitoa mlio wa kuruka kila baada ya mzunguko, kuna tatizo linalostahili kujulikana kabla ya fedha kutolewa. Aidha, itazamwe skrubu au silinda ya kukazia mkanda imebakiwa na nafasi kiasi gani. Ikiwa imefika mwisho na mkanda bado umelegea, mkanda huo umevutika.

Mita ya saa isiaminiwe peke yake. Mita inaweza kuharibika au kubadilishwa, na hata ikiwa sahihi haisemi mashine ilifanyia kazi wapi. Saa 500 kwenye majaruba laini si sawa na saa 500 za kutembea juu ya changarawe kutoka kijiji hadi kijiji. Vilevile, mashine iliyotumika nje na kukaa juani miaka mingi inaweza kuwa na saa chache huku mpira wake umekauka na kuweka nyufa. Mpira huzeeka hata usipotembea.

Umuhimu wa ukaguzi huo unaonekana kwenye hesabu. Kwa mfano, kuna kombaini mbili zilizotumika, na injini zote ni nzima. Ya kwanza inauzwa Sh milioni 45 na ya pili Sh milioni 49. Kwa haraka, ya kwanza ni nafuu kwa Sh milioni 4. Lakini tuseme seti kamili ya mikanda, sproketi na rola inagharimu Sh milioni 12. Miguu ya mashine ya kwanza imekwisha kabisa. Ya pili imetumika robo tu. Bei halisi ya ya kwanza ni Sh milioni 57, wakati ya pili, ukijumlisha robo iliyolika yenye thamani ya Sh milioni 3, ni Sh milioni 52. Ile iliyoonekana nafuu imekuwa ghali kwa Sh milioni 5, na mnunuzi hakupigiwa hesabu hiyo na mtu yeyote.

Hesabu ya pili inamhusu anayekodisha. Seti hiyo ya Sh milioni 12 ikidumu saa 1,200, na mashine ikivuna ekari moja kwa saa, kila ekari inakula Sh10,000 ya miguu, kabla ya dizeli, dereva na marejesho ya mkopo. Ikitunzwa vibaya na kudumu saa 800 tu, kila ekari inakula Sh15,000. Kwa msimu wa ekari 400, uzembe huo unachukua Sh milioni 2 mfukoni. Bei zitatofautiana kulingana na aina ya mashine na mahali, lakini njia ya kupiga hesabu ni hiyo hiyo, na kila mwenye kombaini anapaswa kuijua kabla ya kutangaza bei ya kuvuna. Wapo wanaoshusha bei ili kupata wateja, wasijue kwamba wanauza mikanda yao kidogo kidogo.

Utunzaji unategemea zaidi tabia ya dereva. Kugeuza mashine papo hapo kwa kusimamisha mkanda mmoja, hasa kwenye ardhi ngumu, hukata meno na kuchana kingo. Ni heri kugeuka kwa mzunguko mpana. Kuitembeza barabarani kilomita nyingi kunaokoa nauli ya lori leo, kunaigharimu mikanda kesho. Tope lililoachwa usiku kucha hukauka kama tofali, rola zikakwama, hivyo kuosha jioni kuwe sehemu ya kazi anayolipwa dereva. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hula beringi na nguvu ya injini, na uliolegea huchomoka katikati ya jaruba; kitabu cha mashine hutaja milimita zinazotakiwa. Dizeli, oili na mbolea zisiachwe zikae juu ya mpira, na msimu ukiisha mashine iwekwe kivulini.

Suala la spea linastahili kutangulia hata suala la bei. Ukubwa wa mkanda huandikwa kwa tarakimu tatu, kwa mfano 400x90x48, maana yake upana wa milimita 400, milimita 90 kutoka chuma cha kati kimoja hadi kingine, na vyuma 48 kwa mzunguko mzima. Mnunuzi aziandike tarakimu hizo na kwenda nazo kwa wauza spea wa Dar es Salaam, Mbeya au Moshi kabla ya kulipa chochote. Iwapo mkanda wa namna hiyo hauko nchini na unahitaji kuagizwa kwa wiki kadhaa, basi mashine hiyo ikikatika mkanda katikati ya mavuno msimu wake umekwisha.

Hasara ya namna hiyo haimpati mwenye mashine peke yake. Kombaini inayovuna ekari 8 kwa siku ikisimama siku 10, ekari 80 za watu zimebaki shambani. Mpunga uliopitiliza hupukutika na kuliwa na ndege, na uliokauka mno hupasuka mashineni na kutoa chenga nyingi badala ya mchele wa daraja la juu. Mkulima aliyekwishawaacha vibarua kwa kutegemea kombaini hana pa kukimbilia.

Yanayosemwa hapa yanazihusu pia mashine nyingine za mikanda ya mpira zinazonunuliwa na wafanyabiashara wadogo, vikiwamo vijiko vidogo vya kuchimba mitaro na vipakiaji vidogo vya kubeba samadi, mchanga na kifusi. Kampuni ya Takeuchi ya Japani ilitoa kipakiaji kidogo cha mikanda mwaka 1986, na tangu hapo aina zimeongezeka. Nyingine zina rola zilizofungwa moja kwa moja kwenye fremu, ambazo ni rahisi kutengeneza. Nyingine zina springi zinazopunguza mtikisiko, lakini zina vifaa vingi zaidi vya kubadilisha. Anayefanya kazi kwenye mawe na kifusi ajue kuwa mikanda yake itadumu muda mfupi kuliko ya anayefanya kazi kwenye udongo. Na ambaye kazi zake zote ziko kwenye ardhi kavu na ngumu, kama mashamba ya ngano ya Hanang au Karatu, ajiulize kama anahitaji mikanda kabisa. Matairi ni nafuu na hutengenezeka kila mji.

Wakopeshaji nao wana wajibu. SACCOS au benki inayotoa mamilioni kwa ajili ya mashine iliyotumika, huku ikidai hati ya nyumba lakini haidai taarifa ya fundi kuhusu miguu, inajitafutia mkopo chechefu na kumtafutia mwanachama wake kilio. Taarifa ya ukurasa mmoja, yenye vipimo vya meno ya mikanda, hali ya sproketi na rola na makadirio ya saa zilizobaki, inatosha. Halmashauri zenye maofisa wa zana za kilimo ziwatumie kuwasaidia wanunuzi kwa ukaguzi huo. CAMARTEC ya Arusha, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981 kushughulikia zana za kilimo na teknolojia za vijijini, inaweza kutayarisha fomu moja rahisi ya Kiswahili itakayotumika nchi nzima.

Taifa limekwishapata somo hili. Baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, pawatila zilisambazwa kwa wingi, na wengi waliozipeleka kwenye udongo mzito, au waliokosa spea na fundi, waliishia kuziegesha. Mashine haikomboi mkulima kwa kuwa imefika kijijini; inamkomboa ikiwa inafanya kazi msimu wa tatu na wa nne.

Kwa vikundi vinavyojiandaa kununua, hatua ya kwanza ni kuweka kando mfuko wa miguu, ambamo kiasi kilichokokotolewa kwa kila ekari kitaingia jioni ile ile fedha zinapopokelewa, kabla ya kugawana faida. Hatua ya pili ni kwenda kutazama mashine pamoja na fundi asiye na undugu na muuzaji. Rahisi ni ghali, walisema wazee, na kwa kombaini ughali huo umejificha chini, mahali ambapo mnunuzi hataona chochote asipokubali kuinama na kuchafua magoti.